Kunusa Waya

Saa nane usiku, Dundee.
Kiwanda cha zamani cha juti, sasa ofisi za bima.
Nimekaa ghorofa ya chini, kompyuta mapajani,
nanusa pakiti.

Zamani, enzi za habu, waya ulikuwa baraza:
akisema mmoja, wote wanasikia,
na yasiyemhusu anajifanya hakusikia.
Kadi yangu niliiambia: wewe usijifanye.

Swichi ikaja ikaua umbea.
Inajua nani yuko mlango upi,
inampelekea mwenyewe mkononi.
Mimi nabaki na mbiu za mtaa:
"Nani mwenye hamsini na tatu? Amwambie saba."

Nazo zinakomea kwenye ruta.
Ruta haibebi kelele. Inapokea bahasha,
inabandua jina la aliyeileta mlangoni,
inabandika lake;
anwani ya ndani haiigusi.
Ndiyo maana kila mgeni wa kitongoji cha pili
akifika huku ana sura ya ruta.

Printa ya ghorofa ya tatu kimya, siku ya tano.
Ailsa Geddes anapiga simu kutoka juu:
"Unasikia nini huko?"
"Nakusikia wewe."

Nikapanda. Ngazi za mawe, zimelika katikati
kwa nyayo za wanawake waliosokota juti.
Baba alikata mkonge Muheza;
angeushika waya huu angeuliza, nyuzi ngapi?
Nane, baba. Jozi nne,
zimesokotwa ili zisisikilizane.

Kabatini nikachomeka, nikaanza kuandika amri:
kila kipitacho mlango wa kumi na tisa,
nakala yake nipe mimi.
Sikuimaliza.
Skrini ilikwisha kujaa:

"Nani mwenye mia mbili hamsini na nne?"
"Nani mwenye mia mbili hamsini na nne?"

Lango tulilong'oa wiki iliyopita, tukaweka jingine,
tukawaambia wote, tukaisahau printa.
Kazi zilikuwa zinaifikia. Majibu ndiyo
yalikosa pa kutokea.
Siku tano inapiga kelele,
na sisi chini tunaandika kwenye daftari: kimya.

Nikabadilisha namba moja.
Ikakohoa, ikavuta karatasi.
Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Jumanne:
mama mmoja wa Broughty Ferry, bomba limepasuka,
maji yamefika sebuleni,
anauliza kama kuna mtu amepata barua yake.