Zamu

Maji Ipagala huja Jumanne usiku,
yakipenda. Saa nane, saa tisa.
Kwanza bomba linakohoa hewa,
linatema kutu,
linanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
halafu yanakuja.

Ndoo moja kubwa, dakika nane. Nimepima.
Dakika nane ni kipindi kizima
na refa bado hajagusa filimbi.

Ndiyo, mimi. Mama Ndahani,
mhasibu wa ofisi moja kule Mtumba,
mweka hazina wa kikoba,
mwenye daftari la ada, la saruji, la dawa ya presha ya mama mkwe,
nimekaa sakafuni, kitenge mabegani,
Julai inapuliza chini ya mlango,
pedi mkononi,
sauti ya televisheni nimeishusha hadi mwisho
ili niisikie ndoo.

Maana ndoo husema.
Ikiwa tupu inafoka. Ikifika nusu inanguruma.
Ikikaribia mdomo sauti inakonda, inapanda,
kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje,
na hapo naacha chochote. Penati, naacha.
Dodoma hii hatumwagi maji
kwa ajili ya goli.

Zamani nilikuwa na muda, sina shilingi mia.
Banda la Masweu, Chang'ombe, bati na viroba,
wavulana wamebanana kwenye benchi.
Zamu yako bado. Zamu yako baada ya huyu.
Huyu akawa watatu,
vumbi likaniingia mpaka kwenye meno,
mama akaniita kwa jina langu zima, lile linalovuka kuta.
Siku nilipoipata, nilimfunga Chilongani manne bila.
Akasema pedi ilikuwa mbovu.
Siku hizi ni mwinjilisti, na bado anasema.

Hii ya kwangu ndiyo mbovu kweli.
Niliinunua kwa kijana wa Majengo pamoja na mashine yake,
nyaya zimefungwa kwa selotepu.
Kijiti cha kushoto kinavuta:
timu nzima inapinda kuelekea benchi
kama sisi wa ofisini Ijumaa saa tisa.
Kwenye daftari niliandika: dharura.
Sikudanganya.

Jumanne iliyopita mtoto aliamka akikohoa.
Nilisimamisha mchezo dakika ya sitini na saba,
mshambuliaji wangu yuko hewani, shingo ameikaza,
mpira umebakiza shubiri moja kufika kwenye paji la uso.
Nikaiacha mashine inawaka, nikaifunika kitambaa cha kochi
ili Baba Ndahani asione ile taa ya kijani inavyokula luku.
Wiki nzima hajatua.
Mimi kwenye kikao cha bajeti, yeye hewani.
Mimi kwenye foleni ya kliniki, hewani.
Nimemenya karanga, nimegombana na fundi wa choo,
na yeye yuko kule juu
hajui kama ni goli.

Leo bomba limekohoa saa nane na robo.
Nimetega ndoo. Nimefunua kitambaa.

Ametua.

Dakika ya sabini na moja. Moja bila.
Mchezo umesimamishwa tena, kwa adabu,
mpira uko miguuni mwa winga wangu wa kulia,
na kwenye pedi kuna doa la grisi ya gereji,
umbo la kidole gumba.

Huyu anayesema gemu ni mambo ya watoto.
Chumbani anakoroma vizuri mno,
kwa mpangilio ambao usingizi hauna.

Sikumwamsha. Nimecheza dakika zangu,
nimekosa mawili ya wazi,
nimepata kona, na kona sikuipiga.
Nimeuacha mpira pale kwenye kibendera. Zamu yake.
Nimerudisha kitambaa kama nilivyokikuta.

Nje, sauti imeanza kukonda.