Herufi Iliyogeuka

Fundi Mwinchande alinipigia simu kutoka Keko:
"Dada Stana, kwenye karatasi yako kuna kosa.
Hii N imegeuka, inatazama nyuma.
Nimeshainyoosha."

Nikafika jiwe limekwisha kuchongwa,
yeye ana vumbi jeupe hadi kwenye kope.
Umeinyoosha, nikamwambia, umemvunja.
Ile si N. Ni I. Ndivyo Baba alivyoandika jina lake, Miodrag.
"Alikuwa Mrusi?"
Hapana. Mserbia.
"Ndiyo wapi huko?"

Keti, fundi. Sogeza huo msasa.

Alikuja mwaka sabini na tatu na darubini ya kupimia barabara,
mfukoni pasi nyekundu ya nchi iliyounganishwa.
Nchi ile ikaja kukatwa kama mkate,
kila mmoja na kipande chake,
na kisu hakikuoshwa.
Akapewa pasi ya bluu. Kisha nyekundu tena, jina jingine.
Mataifa yalimpita juu ya kichwa
naye hajahama Chang'ombe.

"Na lugha yao?"
Moja. Siku hizi ina majina manne
na hati mbili: hii ya kwako, na hii uliyoinyoosha.
Fundi akacheka. Bibi yake wa Mafia, akasema,
hakujua a, e, i, o, u,
lakini barua zake za Kiswahili zilianzia kulia,
na wajukuu wanazitunza bila kuweza kuzisoma.
Basi umeshanielewa.

Kila tarehe kumi na tisa Desemba, joto la kupasua bati,
Baba alichemsha ngano nzima ya Kariakoo,
akachanganya karanga kwa kukosa njugu za kwao,
akawasha mshumaa mmoja mrefu.
Mtakatifu wa ukoo, alisema, huchaguliwi dukani,
unamrithi kama pua.
Ilikuwa siku za mfungo, hakuna nyama,
kwa hiyo Mama, Mmatumbi, Mwislamu wa swala tano,
aliparua magamba ya changu akinong'ona:
tambiko ni tambiko, mpishi ni yuleyule.

Jirani alikuwa na mlinzi Mgogo, Chihoma, na zeze lake la uzi mmoja.
Usiku fulani Baba alimtokea na pajama.
"Hata kwetu! Uzi mmoja!"
Akaimba, sauti ya mtu aliyebeba gunia,
habari za mtawala aliyekwenda vitani akijua hatarudi,
kwenye uwanda wa ndege weusi, miaka mia sita nyuma.
Mama akauliza dirishani: watu gani wanaimba kipigo?
Kisha akanyamaza.
Kwao Kipatimu walikunywa maji, wakaziendea bunduki,
na bibi zake bado wanalisimulia wamenyoosha shingo.

Hili nalo lisikie, fundi, ila usilichonge.
Mwaka tisini na tano alizima redio,
hakuiwasha hadi masika ya mwaka uliofuata.
Waliowaua wale wanaume na wavulana
walitoa amri kwa lugha yake,
na makwao waliwasha mishumaa kama wake.
Nilimuuliza: wewe ni wao?
Akamenya chungwa lote bila kukata ganda.
"Nikisema hapana," akajibu,
"itabidi nirudishe na zeze."
Miaka minne baadaye mabomu yakaangukia daraja alilolipima ujanani.
Akalia. Vilio vile viwili
hakuvitia kwenye mizani.

Fundi alikuwa kimya, anafuta patasi iliyokwisha kufutwa.
"Jiwe halifutiki. Naweza kuziba kwa saruji, nichonge upya.
Kovu litaonekana."
Lionekane.

Akajaribu vumbini kwa kidole, mara tatu,
ya nne nikamwambia, ndiyo hiyo.
"Elfu thelathini zaidi. Njoo Ijumaa, baada ya swala."
Nilikuwa mlangoni aliponiita.
"Na wewe, dada. Siku yako ikifika,
atakayechonga achonge kwa hati ipi?"

Nikazihesabu noti upya,
kana kwamba hesabu ndiyo iliyokuwa imekosewa.