Uzi wa Fundi

Naandika nimekalia jiwe ambalo kesho litakuwa kizingiti.
Hapa Ndosho hakuna udongo wa kuchimba;
ukipiga sururu, inakurudishia cheche.
Zamani mlima ulitapika, ukapoa,
nasi tukauvunja vipande vipande
tukauita mtaa.

Siku ya kwanza Fundi Mumbere alifunga uzi mweupe msumarini,
akauvuta hadi msumari wa pili,
akaudonoa kwa ukucha ukatetema.
"Kavugho," akasema, "jicho lina marafiki wengi.
Uzi hauna hata mmoja."
Akaweka jiwe. Hakusema tena mpaka saa ya chakula.

Mimi ni mchonga mawe.
Yangu huenda Himbi, kwenye kuta ndefu za wenye magari,
mia kwa siku nikiwa na nguvu, sitini mgongo ukigoma.
Mia ya wengine, matatu yangu.
Hayo matatu nayabeba jioni kichwani,
moja moja, safari tatu,
na motari wa pembeni wananiita Mama Matatu.
Sawa. Nimeitwa vibaya zaidi.

Shemeji alikuja na habari ya harusi:
kitenge cha sare, faranga elfu arobaini,
"utaonekanaje ukikosa?"
Nikahesabu kimoyomoyo:
mfuko wa simenti, na chenji ya chumvi.
Nilikwenda na kitenge cha mwaka juzi.
Walinitazama.
Nilicheza hadi kandambili ikakatika.

Lakini nisijisifu. Mwezi wa sita nilipotea.
Zamu yangu ya likelemba ilipofika
nilimwona jirani akinenepa kwa biashara ya sambaza,
nami nikanunua beseni sita, nikaazima friji.
Umeme ukaondoka siku nne.
Harufu ile bado inanisalimia nikipita kwake.
Ukuta wangu ukabaki kimo cha mbuzi,
na mbuzi wa Mama Rehani wakaujua,
wakawa wanatembea juu yake taratibu
kama wakaguzi waliotumwa na Leta.

Niliporudi, sikuapa.
Viapo nilikwisha kuvitumia vyote kwa Mwaka Mpya.
Nilikuta uzi umelegea kwa mvua,
umeshika ukungu wa kijani katikati,
na konokono amelala juu yake bila wasiwasi.
Nilimtoa. Nikaufungua. Nikaukaza.
Ukatetema.
Ndiyo hivyo tu, dada, hakuna kingine cha kukuhadithia:
niliukaza, nikainama, nikatafuta jiwe lenye uso.

Usiku mlima unawasha taa yake nyekundu
juu ya mabati ya watu.
Wanangu huniuliza, na wakubwa pia,
wenye akili zao, waliosoma:
na ukirudi?
Ukirudi, nasema, utakuta pembe zimenyooka.
Wanacheka. Mimi sichekeshi.
Najua mlima una mpango wake,
haukuniomba ushauri, nami sikuuomba.

Sasa madirisha yamefika kifuani.
Upande wa mashariki nilikosea tabaka mbili,
Mumbere akapita, akaangalia, akakohoa.
Nikazibomoa mwenyewe kabla hajamaliza kukohoa.

Leo nimebeba mawili tu.
La tatu lilipasuka nyundo ya mwisho,
likafunguka kama mkate, ndani lina matundu matundu,
pumzi ya mlima ya siku ile.
Kesho manne.
Giza limeingia, kalamu siioni,
ila uzi, kwa mweupe wake,
bado nauona.