Bomba la Pili

Kabla ya ghala palikuwa na kigingi,
kigingi chenye kofia ya rangi nyekundu,
na juu yake Ngumbao ameshika fimbo ya vipimo,
wima, asitikisike,
ingawa siafu walikwisha kuvigundua viatu vyake.
Mimi jicho kwenye darubini:
mita tatu nukta mbili tisa.
Andika. Sogea.

Ndivyo tulivyoipima ile ekari kumi na mbili
kando ya barabara ya Gongoni:
mchanga mwepesi juu,
mwamba wa matumbawe chini,
kama meno ya chini
yasiyoonekana mtu akiongea.

Tajiri alitaka ghala la chumvi,
maegesho ya malori ishirini,
mizani ya tani sitini,
ofisi yenye kiyoyozi na lango la kuteleza.
Hakuna tajiri anayeota mfereji.
Miaka kumi na minne niko kazini
sijaona mtu akipigwa picha mbele ya kalvati.

Mchoroni niliweka mabomba mawili.
Twalib, mhasibu, akaweka kidole juu ya moja:
"Hili linafanya kazi gani mwaka mzima?"
Siku mia tatu na sitini, nikasema, halifanyi kazi.
"Na hizo tano?"
Nikanyamaza,
kidogo zaidi ya ilivyofaa.
Kalamu ilikuwa yake,
sahihi ni yangu.
Ghala lilijengwa pale pale, mezani.
Yaliyofuata yalikuwa saruji tu.

Tukamwaga moramu, tukashindilia,
tabaka, maji, rola,
tabaka, maji, rola,
hadi ardhi ikagonga kavu chini ya kisigino.
Ardhi iliyoshindiliwa vyema hainywi.
Ndiyo sifa yake.
Kila tone ililokuwa ikilimeza bila kusema
sasa inamtemea jirani.

Jirani ni Kache wa Ngala:
nyumba ya udongo, mbuzi saba,
nusu ekari ya simsim.

Masika yakaja usiku wa Jumanne.
Mvua haikuuliza kibali cha kaunti,
haikusoma mchoro wala marekebisho ya mchoro.
Maji yana mteremko, basi,
na kumbukumbu.
Alfajiri bomba letu moja lilikuwa limejaa hadi kooni,
linakoroma,
na simsim ya Kache imelala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi ukuta tulikuwa nao, mpya, umepakwa rangi,
ufa ukaja baadaye
ukajitafutia pa kukaa.

Nilijiandaa kutukanwa.
Kache hakunitukana.
Alinionyesha ukutani mstari wa mkaa:
maji yalipofika, na kando yake
saa kumi na nusu.
Alisimama gizani, miguu majini,
akachora.
Nimesoma vyuo viwili,
sijawahi kupewa kipimo safi kama kile.
"Na huu," akauliza, "nao mnauandika?"

Ngumbao akaegemeza fimbo kwenye udongo mbichi.
Hakusubiri niinamie darubini.
"Sentimita arubaini na saba," akasema,
na sauti yake haikuwa ya kazini.
Nikaandika.

Tulikata sakafu ya zege ikiwa na miezi mitatu.
Msumeno ulilia siku mbili,
Twalib ameziba masikio,
anapiga hesabu kwa midomo.
Gharama? Mara sita ya bomba lenyewe.
Sikumwambia. Alikuwa amekwisha kuipata.

Sasa bomba la pili lipo.
Mwezi huu wa jua kali mbuzi wanalala ndani yake,
na yapasa niwafukuze, kanuni zasema,
siwafukuzi.
Fidia ya simsim ingali kwenye faili,
faili ingali Malindi mjini,
kwenye meza ya mtu aliye likizo.

Mstari wa mkaa Kache hajaufuta.
Ameukandika ukuta upya, juu na chini yake,
akauacha.
Kila nikipita kukagua, kabla ya salamu,
naupima kwa mguu wangu:
juu ya goti,
kidole kimoja.