Kikombe cha Antioga

Meya wa Oruddai amenivika utepe mbele ya kanisa,
bendi ya zimamoto imekosea wimbo,
na wale niliowaandika wamekaa mstari wa nyuma,
makoti yamefungwa hadi kidevuni.

Yupo Bachisio, fundi viatu,
niliyemfupisha mguu ukurasa wa arobaini
ili hadithi ichechemee vizuri.
Miguu yake yote miwili ni mizima.
Ananipa mkono. Hakazi vidole.

Jioni Antioga ananiita kwake,
ananikatia jibini la kondoo, ananimiminia kahawa
katika kikombe chenye ufa,
kile kile nilichokivunja kitabuni
siku ile mumewe alipomwacha.
"Kunywa," asema. "Hakivuji."

Nauliza habari za mizinga ya nyuki, za mvua,
za binti yake aliye Torino.
Anajibu taratibu, neno kwa neno,
kama anayehesabu chenji mbele ya mwizi.

Mlangoni ananipangusa makombo begani.
"Mama yako tu," asema,
"ndiye uliyemwacha."
Halafu anazima taa ya nje
kabla sijafika barabarani.