Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa moja jioni,
saa saba kwa hesabu yao. Nimekwisha zoea
kuvaa saa mbili katika mkono mmoja.

Waliohudhuria: Lorne Haugen, mwenyekiti;
madiwani sita, kofia magotini;
karani, ambaye ni mimi;
na nzi mmoja wa Oktoba aliyekataa kufa.

Wilaya ina watu mia mbili kumi na tatu.
Mwaka jana walikuwa mia mbili kumi na saba:
wawili tumewazika, mmoja kahamia Regina,
na mmoja nilimhesabu mara mbili, Mungu anisamehe.
Barabara zimenyooka, kama aliyezichora
alikuwa na rula na haraka.
Mbingu ni kubwa kuliko bajeti.

Agenda ya kwanza, mikia ya kuchakuro.
Watoto wa Bilyk wameleta mia tatu na sita
katika ndoo ya aiskrimu.
Nilivaa glavu, nikahesabu, nikalipa.
Mzumbe hawakunifundisha hili.

Bei ya dengu haikuwa agenda
ila ilizungumzwa kuliko agenda zote.
Nilitaka kuwaambia
kwamba kwetu Manyoni tulizichambua dengu kwenye ungo,
tukitafuta vijiwe,
wala hakuna aliyeuliza zimelimwa na nani.
Karani hasemi. Karani anaandika.

Agenda ya nne, barabara ya saba,
ile inayopita ghala lililobomolewa
na tuta la reli lisilo na reli.
Ina nyumba moja. Nyumba ina taa moja.
Bibi Halyna Prokopiw, miaka themanini na tisa.
Kuikwangua theluji hadi mlangoni kwake
kunagharimu zaidi ya kodi anayolipa.
Hoja ililetwa na Diwani Orest Bilyk,
macho yake yakiwa mezani.
"Hesabu ni hesabu," akasema.
Bibi huyo ndiye aliyemfundisha kuhesabu,
shule ilipokuwa bado shule.

Kura: nne kwa tatu.
Greda isipite tena barabara ya saba.
Niliandika. Mwandiko wangu haukutetemeka,
na hilo ndilo lililoniudhi.

*

Yatokanayo.

Novemba, theluji ya kwanza ikalala hadi magotini.
Saa kumi na moja alfajiri
greda ya Wendell Ouellette ilionekana barabara ya saba.
Hakuna aliyemtuma.
Kwenye fomu ya mafuta aliandika:
lita arobaini, kujaribu breki.
Desemba: kujaribu breki. Kujaribu breki.
Januari, mara kumi na moja.
Breki zile zilijaribiwa kuliko Ayubu.

Nilipiga muhuri.
Haugen alitia saini bila miwani,
naye miwani anayo, ilikuwa mfukoni.
Fomu zikafika kwa Bilyk, mkuu wa fedha.
Akashuka na kidole safu nzima, mstari kwa mstari,
kidole kikasimama,
kikakaa hapo muda wa kunywa kahawa nusu kikombe.
"Mashine kuukuu hizi," akasema. "Lazima zijaribiwe."

Februari, digrii arobaini chini ya sifuri,
Bibi Halyna alikuja ofisini na gari lake mwenyewe,
kalipa kodi miezi minne kabla ya wakati,
noti katika bahasha inayonukia kitunguu.
Kuhusu barabara hakusema neno.
Alilalamika kelele za alfajiri:
kuna mtu hupita na mashine, humkatiza usingizi.
"Ukimwona, mwambie nimemwona kichwa wazi.
Katika baridi hii! Ana mama huyo?"
Akaacha kofia juu ya kaunta,
ya sufu, nyekundu, kubwa kuliko kichwa chochote ninachokijua.

Kila kitu kinachoingia ofisini huandikwa.
Nilifungua daftari la vipuri vya greda.
Kofia, moja. Hali: mpya.

Mengineyo: hayakuwapo.