Ndoo

Siku ya tatu Majengo, Bi Mwanakombo aliniita kutoka uani:
"Ndoo!"
Nikatoka na ndoo.
Akanitazama, akaitazama ile ndoo ya bluu, tupu,
akacheka hata leso ikamtoka kichwani.
Kwetu Bukavu mtu akiitwa huambiwa "kuya",
na ndoo ni ya maji tu.
Kumbe nilikuwa naitwa, situmwi.

Kiswahili nilikijua, nilidhani,
mpaka nilipopanda ngazi za ofisi ya Shimanzi, juu ya ghala la mchele,
nikasema, "Niko naomba bintu yangu,"
na chumba kizima kikanyamaza
kama feni iliyokatiwa umeme.
"Dada," akauliza Dzame, "hicho Kiswahili cha wapi?"
Cha mama, nikajibu.
Aliyekuwa anacheka akatafuta kalamu yake chini ya meza.

Kazi yenyewe si ngumu. Naandika namba.
Herufi nne, tarakimu saba, uzito, lakiri,
kasha baada ya kasha:
vigae vya Kampala, mbolea ya Kigali, maziwa ya unga ya Juba.
Siku ya kumi na mbili likapita moja la Bukavu.
Viatu vya plastiki, jozi elfu kumi na nne.
Nikalitazama jina la mji wangu kwenye karatasi
kama mtu aliyekutana na nduguye kwenye foleni ya benki
asiweze kumkumbatia mbele za watu.
Malaba, Kampala, Gatuna, Kigali, Rusizi, kisha nyumbani.
Kasha lina karatasi nyingi kuliko mimi,
ila hakuna anayeliuliza litakaa mpaka lini.
"Kuna tatizo?" akauliza Bwana Mbarak.
Hakuna.
Nikapiga muhuri. Ukakaa upande.

Chai yangu ya kwanza niliimwaga,
nikidhani nimetia chumvi mahali pa sukari.
Ni kisima, mwanangu. Ya kunywa yanunuliwa,
mtungi kwa mtungi, kwa mwenye mkokoteni.
Mimi niliyezaliwa juu ya ziwa,
maji matamu mpaka dirishani,
nikasimama mlangoni nahesabu sarafu za glasi moja.

Kongowea, soko lenye jina
linaloanza kama nchi yangu kisha likakata kona,
niliomba lengalenga. Mwenye mboga akanyanyua kila fungu,
hili? hili? mpaka akalifikia.
"Mchicha huo!"
Sawa, nikasema, nipe mchicha,
nikaufunga kwenye gazeti
na nyumbani nikaula kwa jina lake la zamani.

Kunguru waliniibia hamri mkononi. Mara mbili.
Sweta aliyonifumia mama nimeifanya mto.
Usiku jasho hunichora kwenye shuka,
asubuhi naondoka, namwacha pale huyo mwanamke wa maji
akauke peke yake.

Sasa ni mwezi wa tano.
Naagiza mbaazi za nazi bila kunyoosha kidole.
Mwenye mkokoteni jina langu ameshalipunguza:
Nabintu likawa Bintu, Bintu likawa Binti.
Nilisahihisha wiki moja, nikachoka.
Siku hizi nikisikia Binti, shingo inageuka yenyewe.

Jumapili nilimpigia mama. Mtandao unakata, unarudi.
Akasema sauti yangu imekuwa kama ya watu wa redio.
Nikamwambia chumba kipo, feni ipo,
Mugisho akifunga shule wangeweza kuja wote wawili.
"Ndoo, mama," nikasema. "Ndoo uone."
Kimya. Ziwa zima la kimya.
"Ndoo ya nini? Huko mayi haitoki?"

Nilicheka mpaka Bi Mwanakombo akachungulia mlangoni.
Kusema kweli, mama,
tangu Jumanne hayajatoka.